Mahali pa Kunyoosha Miguu

9 Februari

Mwanangu,

Salamu kwanza, maana najua ukishafungua bahasha hukawii kuitwa karakana. Sisi hatujambo. Bati la jikoni lililokuwa linavuja limezibwa, sasa limeanza la sebuleni. Nadhani yanapokezana zamu. Jirani yetu mwenye redio amenunua nyingine kubwa zaidi, kwa hiyo habari za dunia tunazo zote hata tusipozitaka. Mjomba wako yupo barazani, anasema umemsahau.

Mkwe wangu naye? Tumbo linaendeleaje? Mwambie anywe maji ya kutosha, avue viatu akirudi kutoka kwenye mikate yake, na asikubali kunyanyua magunia ya unga hata wakimwita mvivu. Mimi nimestaafu ukunga, lakini ukunga haujanistaafu mimi.

Sasa lililonikalisha hapa mezani. Utauliza kwa nini sipigi simu. Simu ninayo, lakini mambo ya vyuma hayaelezeki kwenye simu. Nikifika katikati wewe unasema "haloo, haloo" na nyundo zinagonga nyuma yako.

Ile pikipiki yetu kubwa ya safari bado ipo, na masanduku yake ubavuni na kile kioo cha kukinga upepo. Tatizo ni miguu. Mtu akikaa juu yake saa nzima, magoti yamekunjwa pale pale, akiteremka anatembea kama kiti cha kukunja kilichoshika kutu. Juzi kwenye kituo cha mafuta nilimwona msafiri mmoja. Pale mbele, kwenye vile vyuma vinavyokinga injini isigonge chini, alikuwa amefunga vikanyagio viwili vya ziada. Barabara ikimnyookea, anaondoa miguu kwenye vile vya kawaida, anaiweka kule mbele, ananyoosha. Alinipita kama mtu aliye sebuleni kwake anasubiri chai.

Nataka vya namna hiyo. Wewe ni fundi wa kuchomelea, na mkono wako nauamini. Kuna safari ndefu tunaipanga. Ya wapi, usiniulize.

Shangazi yako


3 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Mjomba shikamoo yake mpelekee barazani, umwambie sijamsahau hata kidogo.

Nisamehe kwa kukawia. Tulikuwa na kazi ya mageti ya shule, mageti marefu kiasi kwamba ilibidi tuyachomelee nje, tukazuia njia, na kila aliyepita akatupa ushauri. Macho yananiwasha lakini mimi mzima. Nyumbani tupo. Anakusalimu.

Kiti cha kukunja kimenichekesha peke yangu hadi wenzangu wakaniuliza kuna nini. Nashangaa Mjomba amevumilia miaka yote hii. Miguu ile mirefu, akikaa juu ya pikipiki magoti yanakaribia masikio!

Kazi yenyewe naijua. Nitahitaji vipimo viwili, na usihangaike na rula, tumia uzi. Uzi wa kwanza uzungushe kwenye bomba la hicho chuma kinachokinga injini, ukate pale unapokutana, ili nijue unene wa bomba na nitengeneze klampu ya kulishika vizuri. Wa pili: pikipiki isimame kwa stendi ya katikati, mwendeshaji akae kama kawaida yake, anyooshe mguu mbele bila kujikaza. Pima kutoka nyongani hadi kisiginoni. Ukiniletea kipimo cha uongo, kikanyagio kitakuwa mahali pa uongo.

Na umsomee Mjomba haya, kwa sauti. Vikanyagio vya mbele ni vya barabara iliyonyooka na isiyo na watu. Mguu ukiwa kule, uko mbali na breki na uko mbali na gia. Mjini, kwenye kona, kwenye mchanga, miguu irudi mahali pake pa siku zote. Nitavitengeneza vya kukunjika, ili pikipiki ikilala kwenye kona na kimoja kikagusa lami, kijikunje chenyewe badala ya kuwaangusha.

Mbona Mjomba hakuongeza mistari yake chini ya barua? Zamani hakuwa anaacha nafasi tupu, na zile herufi zake za mchora ramani, zimesimama kama askari. Amenuna?

Mwanao


20 Machi

Mwanangu,

Marahaba, zako na za barazani zimefika.

Mvua imetushukia wiki nzima na mabati sasa yanavuja yote kwa pamoja, hakuna tena zamu. Jirani amezima redio kwa kuogopa radi, tunamwombea radi iendelee. Mjomba wako hajanuna. Mkono umemwingia uvivu, ndivyo anavyosema, na mimi simlazimishi mtu mzima kuandika.

Nyuzi zimo ndani ya bahasha. Ule mweupe ni wa bomba, ule mwekundu ni wa mguu. Nimepima kwa uangalifu, tena mara mbili, kama ninavyopima mtoto.

Maonyo yako yamesomwa kwa sauti. Mjomba wako aliitikia kila mstari, na pale pa breki akanigonga begani akasema, "Umesikia?" Amepata mwenzake wa kunisumbua.

Hukunijibu kuhusu mkwe wangu. "Anakusalimu" si jibu. Miguu inavimba? Analala ubavu? Mtoto anacheza? Nimefuma soksi, nyeupe, sikuchagua rangi ya mtu yeyote.

Shangazi yako


30 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini mvua imewahurumia.

Najua nimekaa kimya muda mrefu. Karakana ilihamia upande wa pili wa barabara, tukabeba mashine kwa mikokoteni, na mimi nikatumia muda mwingi kutafuta patasi zangu kuliko kufanya kazi. Nyumbani tupo.

Klampu nimeshazikata. Bomba lenu ni nene kuliko nilivyodhani, hilo ni zuri, halitapinda. Ndani ya klampu nitaweka raba ili zisiteleze wala zisikwangue rangi.

Lakini uzi mwekundu umenisimamisha. Niliuning'iniza kwenye msumari ukutani nikabaki nautazama. Mjomba alikuwa anainama kuingia mlangoni kwetu. Siku ya harusi yangu walimweka nyuma kwenye picha na bado akaonekana kifua kizima. Uzi huu si wa mguu wake. Huu ni wa mtu anayemfikia begani.

Kisha nikasoma tena barua zako. Hakuna mahali ulipoandika kwamba ni yeye anayeendesha. Mimi ndiye niliyeandika hivyo, na wewe ukaniachia. Tena ni bega lako alilogonga pale pa breki.

Shangazi, nani anaendesha pikipiki hiyo? Mjomba ana nini? Sitatoboa tundu lingine hadi unijibu.

Mwanao


11 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Ningejua uzi una mdomo, ningekutumia wa uongo.

Mimi ndiye ninayeendesha.

Mjomba wako haoni. Ni presha ya macho. Ilianza pembeni, akawa hauoni ukingo wa barabara, akasema kioo kina vumbi. Akagonga nguzo ya geti la jirani, akasema nguzo imesogezwa. Tulipofika kwa daktari, sehemu kubwa ilikuwa imeshakwenda, na iliyobaki haikuokoleka. Sasa anaona mwanga na giza, na kivuli changu nikisimama dirishani.

Alinikataza nisikwambie, wala mtu yeyote. Hakuogopa kuhurumiwa. Aliogopa watu watakavyoanza kuzungumza naye polepole, kwa sauti ya juu, kama mtoto au kiziwi. Kwa hiyo nikaandika "yupo barazani", na kweli yupo barazani.

Jambo lililonishinda ni hili. Kila alasiri alikuwa anapapasa ukuta hadi bandani, anapanda pikipiki, anaiwasha, anakaa. Haendi popote. Anasikiliza injini, kisha anaizima na kurudi kunywa chai. Siku moja nikamfuata na khanga yangu kiunoni.

"Sogea nyuma," nikamwambia.

"Nyuma wapi?"

"Kiti cha abiria. Kile nilichokalia mimi tangu unioe."

"Hujawahi kuendesha kitu kizito namna hii."

"Nimeendesha pikipiki ya kliniki kwenye matope, na mama mwenye uchungu ananisubiri mbele. Sogea."

Akasogea.

Siku hiyo tulifika getini tu, nikaiangusha, polepole, kama ng'ombe anayelala. Vyuma vile vya kukinga injini vilituokoa miguu. Majirani walikuja kuinyanyua, na mwenye redio akaja akicheka hadi akakaa chini. Mjomba wako, amelala kwenye majani, akasema, "Ulichelewa kukanyaga klachi." Ndivyo nilivyojua kwamba tutaweza.

Fundi wa makochi akanipunguzia sponji ya kiti hadi nyayo zangu zikagusa chini zote mbili. Tukajifunza asubuhi, njia zikiwa tupu. Yeye anasikiliza injini kule nyuma na kunipigia kelele: "Gia! Inalia hiyo, huisikii?" Miezi mingi sasa. Ninaiendesha vizuri, mwanangu. Ni goti tu, goti langu la kulia, lililopiga magoti kwenye sakafu za watu kwa maisha yangu yote ya kazi.

Nimemsomea barua yako. Akasema, "Mwambie kijana amepima vizuri. Na mwambie azungumze nami kama kawaida."

Basi, langu nimekupa. Lako je? Nimeona baba wengi wanaosubiri mtoto. Hata aliyeishiwa na usingizi, hata mwoga, hawezi kuacha kumtaja mtoto. Wewe barua mbili nzima unaniandikia mageti na mikokoteni. Sikulazimishi. Ila usiniambie tena "tupo".

Shangazi yako anayekupenda


19 Mei

Shangazi yangu, shikamoo,

Mjomba, wewe ni mkaidi na uliisingizia nguzo ya geti la watu. Hivyo ndivyo ninavyozungumza nawe siku zote, na sitabadilika.

Shangazi, ulipoandika kuulizia tumbo, tulikuwa tumeshamzika.

Alikuja kabla ya wakati wake. Alikuwa wa kike. Aliishi asubuhi moja. Nilimshika, alikuwa na kucha kamili, na nywele nyingi kama za marehemu baba.

Tulikubaliana tusimwambie mtu wa mbali hadi tupate nguvu, na nguvu haikuja. Kwako ilikuwa vigumu kuliko kwa wengine wote. Kila nikishika kalamu nakuona umevaa ile aproni yako, umebeba mtoto wa mtu, unacheka. Nikawa naandika mageti.

Mwenzangu alirudi kwenye mikate mapema kuliko walivyomruhusu. Anatoka kukiwa bado na giza, mimi nimelala. Narudi na masizi, yeye amelala. Usidhani hatuzungumzi. Tunazungumzia mfereji unaodondoka, gesi imekwisha, nani ameondoka na ufunguo. La mtoto hatulizungumzi. Majirani walikuja siku ya kwanza wakamwambia, "Utapata mwingine." Tangu hapo akija mgeni yeye anakumbuka kwamba ana kazi. Kaburini nakwenda peke yangu. Nadhani naye anakwenda peke yake, maana mara mbili nimekuta majani yameng'olewa.

Sikuandika haya ili mje. Nimeandika kwa sababu umeniuliza vizuri.

Vikanyagio vimo kwenye boksi, vinakuja na basi la mizigo. Nimevifunika raba nene ili mtetemo wa injini usikupandie gotini. Vifungwe chini kidogo ya usawa wa goti, visizibe hewa inayopoza injini. Mkishavifunga, geuza usukani kushoto na kulia hadi mwisho, hakikisha havigusi kitu, na kwamba mguu wako bado unaifikia breki bila kuvigonga. Kaza nati, endesha kidogo, kaza tena. Springi nilizoweka ni ngumu, vikikunjwa vinarudi vyenyewe.

Nilivitengeneza kwa uzi mwekundu.

Mwanao


8 Juni

Mwanangu, na wewe binti yangu, kama anasoma pamoja nawe,

Nililia. Mjomba wako akalia. Kisha tukaosha nyuso, tukakaa barazani tukimzungumzia huyo binti wa asubuhi moja, mwenye nywele za babu yake. Nimepokea watoto wengi mikononi, na waliokaa muda mfupi ninawakumbuka kuliko wote. Neno lile la "utapata mwingine" nililipiga marufuku wodini kwangu. Mtoto si sahani, kwamba ikivunjika unatoa nyingine kabatini.

Sikukukasirikia, wala usijieleze tena.

Boksi lilifika salama. Nilitaka kumwita fundi wa mtaani, Mjomba wako akasema, "Fundi wa nini?" Akakaa chini kwenye banda, akavipapasa vile vyuma vyako, kiungo kwa kiungo, akapitisha kidole kila ulipochomelea. "Huyu hakuacha hata chembe ya kukwaruza," akasema. Akavifunga mwenyewe, mwanangu. Mimi kazi yangu ilikuwa kumpa spana na kunyamaza, na la pili lilinishinda. Sijamwona na uso ule tangu ugonjwa uanze.

Tukatoka kuvijaribu kwenye ile barabara ndefu ya kuelekea kiwanda cha mbao. Ilipotulia, nikainua mguu mmoja, kisha wa pili.

"Umenyoosha?" akaniuliza kule nyuma.

"Nimenyoosha!"

"Unaonekanaje?"

"Kama bibi harusi aliyechoka na wageni."

Alicheka hadi pikipiki ikayumba, nikamwambia kama anataka kutuua aseme mapema. Goti halikunisumbua kwenda wala kurudi.

Sasa ile safari. Tangu mwanzo ilikuwa ya kuja kwenu. Tulitaka tuwashtukize, tuje kumwona mtoto. Basi tunakuja kuwaona ninyi. Usihangaike na godoro wala mapazia. Mwambie mkwe wangu siji kama mkunga. Nakuja kama mama, na akikumbuka kwamba ana kazi, aende tu kazini, nitamkuta akirudi.

Shangazi yako


2 Julai

Shangazi yangu na Mjomba wangu,

Shikamooni. Asanteni kwa kunipigia simu kwamba mmefika salama, ingawa nilichosikia zaidi ni redio ya jirani.

Watu wa karakana hawajaacha kuwasimulia. Bado wanaiga jinsi ulivyoingia na lile dude kati ya mikokoteni, ukaegesha, ukavua helmeti, na mvi zikaonekana. Mzee wa mashine ya kukatia alidhani Mjomba ndiye dereva aliyechoka akampisha mkewe. Mjomba akamjibu, "Mimi ni masikio ya chombo."

Nataka kuwaandikia jambo msilolijua, maana lilitokea mkiwa mmeshaondoka. Lakini lilianza mkiwa hapa.

Mnakumbuka jioni ile ya kwanza, mwenzangu alipotutengea chai akawa anasimama kila mara, mara sukari, mara kijiko. Na Mjomba akageuza uso upande wa sauti ya nyayo zake, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza njia, "Binti, mtoto mlimwita nani?"

Mimi nilitaka kuingia chini ya meza. Yeye alisimama na birika mkononi. Kisha akalitaja. Shangazi, tangu tumzike sikuwa nimelisikia jina lile kwa mdomo wa mtu. Nilidhani nimebaki nalo peke yangu. Mjomba akalirudia polepole, akasema, "Ni jina zuri. Aliliteua nani?" Naye akakaa. Akaweka birika chini, akaanza kueleza alivyolipata, na wewe ukayaacha machozi yako yashuke bila kuyapangusa, na chai ikapoa, na hakuna aliyeijali.

Asubuhi ya pili, ulipomwambia mwenzangu apande nyuma yako umpeleke kwenye barabara kubwa, mimi na Mjomba tulibaki kibarazani. Mlikawia nikaanza kutembea huku na huku. Mjomba akaniambia, "Kaa. Wanakuja." Mimi sikuwa nasikia kitu. Hukunisimulia mlichozungumza huko, na sikuuliza. Ila alirudi na macho mekundu na njaa. Alikula mikate yake mwenyewe, ambayo alikuwa haigusi.

Sasa la baada yenu. Jumapili iliyofuata nilikuwa mlangoni navaa viatu, akaniuliza ninakwenda wapi. Nilitaka kusema karakana. Nikasema kweli. Akasema, "Ningojee." Akafunga kitambaa kichwani, tukaenda. Kumbe kila mmoja alikuwa anapita njia yake; mimi ya sokoni, yeye ya nyuma ya shule. Akanionyesha yake, ina kivuli zaidi. Pale kaburini tukainama. Aling'oa majani upande wake nami upande wangu. Tulipomaliza akaniambia, "Hapa hapana hata jina. Mtu akipita hajui."

"Uliogopa kuniambia?" nikamuuliza.

"Nilidhani wewe ndiye hutaki."

Shangazi, miezi yote hiyo.

Ameniomba nimtengenezee kibao cha chuma. Nimeanza jana. Nimekata mageti ya shule, nimekata ngazi na madirisha ya watu, hata kipande kimoja sijakiharibu. Herufi ya kwanza nimeiharibu mara mbili nikaitupa. Leo mchana alikuja karakana akiwa bado na unga mikononi. Hajawahi kuja hapa kazi ikiwa inaendelea, kelele zinamkera. Akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa kando yangu, akaomba miwani ya kukinga cheche. Wenzangu wakaona, wakazima mashine zao mmoja mmoja bila kuambiwa, wakatoka nje kujifanya wana kiu.

Nikaichora herufi upya kwa chaki. Akainama akaitazama, akafuta kidogo kwa kidole, akaisogeza.

"Hapo," akasema. "Sasa kata."

Nikakata.

Mwanao